Sungura wa mwanangu amegoma kula: nitapata wapi tiba ninayoiweza?

"Assalaam alaykum daktari. Naishi Bombo, nauza vitenge sokoni. Mwanangu wa miaka tisa ana sungura dume anayeitwa Simsim, wa umri wa kama miaka miwili. Tangu jana asubuhi hagusi chakula. Amejikunyata pembeni mwa kibanda anasaga meno, na leo sijaona kinyesi hata punje moja. Kwa kawaida tunampa pumba za mahindi, mkate, posho (ugali) iliyobaki na majani ya kabichi. Maji hatumwekei kwa sababu tuliambiwa sungura hanywi. Duka la dawa la jirani waliniuzia kapsuli za amoksilini, nikampa nusu jana usiku. Nilipiga simu kliniki moja ya wanyama Kampala wakaniambia niandae shilingi 150,000 kwa kuanzia. Sungura mwenyewe nilimnunua 25,000! Majirani wananicheka, wanasema chinja ule. Mwaka jana tulikuwa na mwingine, akachomwa sindano ya upele dukani, akafa siku ya pili. Mtoto analia. Je, kuna njia ya kumtibu bila kumaliza mtaji wangu?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Jibu fupi ulilipata kwa simu siku ileile: acha amoksilini, mpashe mnyama joto, mtafute daktari kabla jua halijazama. Hili refu naliandika ili ujue kwa nini nilikuharakisha vile, na ili wengine wanaofuga sungura mmoja au wawili nyuma ya nyumba wasikwame pale ulipokwama wewe.

Umeuliza habari ya pesa, nami nitaifikia. Lakini katika swali lako nimeona mambo matatu yanayoweza kumuua Simsim hata ungekuwa na mamilioni: chakula cha pumba na mkate, bakuli la maji ambalo halipo, na ile kapsuli. Tuanze na tumbo. Ukilielewa tumbo la sungura utajua pia ni shilingi ipi ya matibabu iliyo ya lazima leo na ipi inayoweza kungoja.

Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia mdomoni lazima kipite njia nzima mpaka kitokee nyuma, na tumbo lake halikai tupu. Hata aliyegoma kula siku mbili utakuta bado ana chakula ndani, kimekauka tu. Kinachousukuma mzigo huo ni nyuzinyuzi ndefu za majani. Nyuzi hizo ngumu hazimlishi sana. Kazi yake ni kuuchochea utumbo ujikaze na kulegea, na hutoka zikiwa zile punje za mviringo ulizozoea kuzifagia. Sehemu laini ya chakula hutengwa na kurudishwa kwenye kifuko kikubwa kilichopo mwanzoni mwa utumbo mpana. Kifuko hicho ni kama mtungi wa bushera, kile kinywaji cha nafaka iliyochachushwa: bakteria wamo ndani wanachachusha, nao ndio wanaomtengenezea mnyama vitamini na sehemu ya protini yake. Kinachotoka humo ni vishada laini vyenye harufu, ambavyo sungura huvila vikitoka tu mkunduni, mara nyingi usiku au alfajiri. Watoto wakimwona anafanya hivyo wasimfukuze. Ndivyo alivyoumbwa.

Sasa mpe mnyama wa namna hiyo mkate, posho na pumba kila siku. Wanga unamwagika kwenye mtungi ule, bakteria wasiotakiwa wanashiba na kuzaana, gesi inajaa. Wakati huohuo nyuzinyuzi hazitoshi, utumbo unapunguza mwendo. Maji hayapo, mzigo unazidi kukauka. Gesi inauma, na maumivu yanamfanya agome kula. Kugoma kula kunausimamisha utumbo kabisa. Utumbo ukisimama gesi inaongezeka. Mambo yanazunguka hivyo, na kila mzunguko ni mbaya kuliko uliotangulia. Baada ya siku moja au mbili mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe kwa kasi, ini linajaa mafuta, na hapo hata tiba nzuri inaweza isimrudishe. Ndiyo maana mbuzi wako akikosa hamu asubuhi naweza kusema tumwangalie mpaka jioni, lakini sungura aliyekaa saa 12 bila kula na bila kutoa kinyesi kwangu ni dharura. Kujikunyata na kusaga meno kwa sauti ni maumivu. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, huficha ugonjwa mpaka ashindwe kuuficha. Ukiuona, ujue ulianza kabla.

Hili la kwamba sungura hanywi maji nalisikia kila wilaya. Lina chanzo chake: sungura anayekula majani mabichi tu, yenye unyevu, hunywa kidogo, na mfugaji asipoweka maji haoni tofauti mara moja. Lakini sungura mzima huhitaji kati ya mililita 50 na 150 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Simsim akiwa na kilo mbili, siku ya jua kali anaweza kumaliza chupa nzima ya soda ya mililita 300. Anayelishwa pumba kavu na mkate bila maji hana pa kuyatoa. Weka bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua, ubadilishe maji kila asubuhi.

Kuhusu amoksilini nitakuwa mkali, na ukali wangu haukuelekei wewe. Dawa hiyo ni nzuri kwa binadamu, kwa mbwa, kwa paka. Kwa sungura, ikipita mdomoni, huwaua bakteria wema wa ule mtungi na kuwaacha wengine wa jamii ya klostridia watawale. Hao hutoa sumu, mnyama anaanza kuharisha maji, na anaweza kufa katika siku chache. Ampisilini na penisilini za kumeza ni vivyo hivyo, na klindamaisini, linkomaisini na erithromaisini nazo zimo kwenye kundi hilo. Nusu kapsuli haina maana kwamba lazima atakufa, lakini mwambie daktari bila kuficha, na kwa wiki nzima uangalie kinyesi chake. Kuharisha kukianza, usingoje. Halafu kuna jambo jingine: tatizo la Simsim kwa jinsi ulivyolieleza halikuanza na vijidudu vya kuuliwa kwa antibiotiki. Hata dawa sahihi ya kundi hilo isingemsaidia. Anahitaji kuondolewa maumivu, kupewa maji mwilini, na utumbo kurudishwa kazini.

Zipo antibiotiki ambazo daktari anaweza kumpa sungura kwa usalama, kama enrofloksasini au dawa za salfa, pale zinapohitajika: mafua ya usaha puani, vidonda, koksidiosi (ugonjwa wa vimelea vya utumbo). Uchaguzi huo si wa muuza duka. Na zile poda za kuku za kuchanganya kwenye maji, ambazo wauzaji wengi hupenda kuzitoa, fikiria mwenyewe: mnyama asiyekunywa maji atazipataje?

Kabla ya kutoka nyumbani kuna mambo unaweza kufanya yasiyogharimu kitu. Shika masikio yake. Yakiwa baridi kama chuma, mwili umeanza kushindwa. Joto la kawaida la sungura ni kati ya nyuzi 38.5 na 40, na akishuka chini ya 38 hali ni mbaya. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto, ifunge kwa kitambaa kinene, mlaze karibu nayo mahali ambapo anaweza kusogea akisikia joto limezidi. Kisha papasa tumbo taratibu. Likiwa laini au kama unga uliokandwa, huenda ni utumbo uliosimama. Likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, tena mnyama alikuwa mzima saa chache zilizopita, inaweza kuwa njia imeziba, na hapo usimlishe chochote kwa nguvu wala usimpe dawa ya kuchochea utumbo: unasukuma mzigo kwenye mlango uliofungwa. Huyo ni wa daktari tu, na haraka.

Kama tumbo si gumu na anameza, mwekee majani mabichi yenye harufu nzuri mbele ya pua: majani ya viazi vitamu, majani ya tembo machanga, kishona nguo. Akikataa, twanga majani hayo na maji kidogo, chuja yale mabonge, umpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo kwenye lile pengo nyuma ya meno ya mbele. Kidogo kidogo, aache ameze. Daktari akikubali, kiasi cha mililita 10 kwa kila kilo ya uzito, mara nne au tano kwa siku, kinatosha kumshikilia. Usimlaze chali kumlisha, chakula kitaingia kwenye mapafu. Usimpe mafuta ya kupikia, soda, maziwa wala chumvi ya mawe. Nimeona vyote hivyo vikipendekezwa kwa ujasiri mkubwa. Matone ya gesi ya watoto wachanga yenye simethikoni hayamdhuru, na famasi nyingi zinayo, ila usiyategemee yafanye kazi ya daktari.

Sasa twende kwenye pesa.

Kosa ambalo watu hulifanya ni kutafuta daktari wa sungura. Utazunguka Uganda nzima. Unachohitaji ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa ambaye atakubali kumshika sungura, kumchunguza na kusoma kipimo cha dawa kabla hajachoma. Sungura wa kufuga kwa nyama wapo wengi nchini, kwa hiyo madaktari wa wilaya wamewaona; ambacho hawakuzoea ni mtu kulipa ili mmoja apone. Kwako wewe pa kuanzia ni ofisi ya mifugo ya Bombo au ya wilaya ya Luwero. Kila wilaya ina ofisa wake wa mifugo, na hawa wako mitaani kila siku wanatibu ng'ombe, mbuzi na kuku. Anaweza kumpa dawa ya maumivu, anaweza kumchoma maji ya dripu chini ya ngozi. Kwa sungura aliyesimama utumbo, hayo mawili ndiyo nusu kubwa ya tiba, na hayahitaji mashine yoyote. Kwa kawaida gharama itakuwa mafuta ya pikipiki yake, dawa, na ujira mnajadiliana. Hapo ndipo nakupa ushauri ambao wafugaji wa mbuzi wanaujua kuliko wenye paka wa Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala: mchangie safari. Uliza majirani nani ana mbuzi wa kuchanjwa, mbwa wa sindano ya kichaa, kuku wanaokohoa. Hao hao wanaokucheka. Daktari akija mara moja kwa nyumba nne, kila mtu analipa robo ya safari.

Pa pili ni Makerere. Chuo kina koleji ya tiba ya mifugo, wengi wanaiita COVAB, na wanapokea wanyama wa watu kwa matibabu. Kwako njia ni moja: teksi ya Kampala kupitia Matugga, Kawempe, Bwaise, ushuke Wandegeya, chuo kiko hapo. Usitarajie bure, wala usitarajie haraka. Ni mahali pa kufundishia, na Simsim atashikwa na mikono kadhaa kabla ya kupata dawa. Lakini faida yake ni kubwa: mwalimu anasimama nyuma ya mwanafunzi, na kipimo cha dawa hakikisiwi. Tena wana maabara ya kuchunguza kinyesi, na kwa sungura mdogo anayekonda na kuharisha, kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama ni koksidiosi. Piga simu kabla hujafunga safari, uulize kama kuna anayepokea siku hiyo na bei ya kumwona daktari.

Kliniki binafsi za Kampala zimejengwa juu ya mbwa na paka. Baadhi ya madaktari wake ni wazuri sana, na bei yao inabeba kodi ya jengo, umeme na wafanyakazi; siwezi kuwalaumu. Maswali mawili yatakuonyesha kama ni mahali pako. La kwanza: umewahi kutibu sungura aliyegoma kula, na kwa kawaida unampa nini? Akitaja dawa ya maumivu, maji na kumlisha, endelea. Akisema atampa amoksilini ya maji mdomoni, shukuru na ukate simu. La pili: hizo 150,000 ni za nini na nini? Swali hili watu hulionea haya bila sababu. Kiasi cha kuanzia huwa kimekusanya vitu vingi: kumwona daktari, picha ya eksirei, damu, kulazwa, dawa. Mwambie waziwazi, "Daktari, nina elfu kadhaa leo, nyingine nitapata Jumamosi. Tuanze na kipi?" Daktari mwenye akili atakuambia: uchunguzi wa mikono, dawa ya maumivu, maji chini ya ngozi, na maelekezo ya kumlisha nyumbani. Eksirei ina maana tumbo likiwa limekaza na kuna shaka ya kuziba. Kwa utumbo uliosimama bila uvimbe inaweza kungoja. Kulazwa pia, kama nyumbani yupo mtu wa kumlisha kila baada ya saa chache.

Jambo jingine linalomaliza pesa kimya kimya ni chupa. Dawa za mifugo hapa kwetu zinauzwa kwa kipimo cha ng'ombe. Utaandikiwa chupa ya mililita 50, ulipe yote, na sungura wako atatumia chini ya mililita moja. Iliyobaki itaharibika kabatini au, mbaya zaidi, mtu ataitumia siku nyingine kwa kukisia. Mwombe daktari avute kiasi kinachotakiwa kutoka kwenye chupa yake akuuzie kwa mililita, kwenye bomba lenye kofia, likiwa limeandikwa jina la dawa, kiasi na saa za kumpa. Dawa ya maumivu ya meloksikamu hutolewa hivyo mara nyingi. Usibadilishe kwa diklofenaki ya nyumbani eti zote ni za maumivu.

Na mpime uzito. Mchinjaji au muuza mahindi ana mzani. Mtie sungura kwenye kikapu, pima, kisha pima kikapu kitupu utoe. Kipimo cha dawa bila uzito ni bahati nasibu, nami nadhani ndicho kilichomuua sungura wako wa mwaka jana, ingawa siwezi kuapa bila kumwona. Sindano ya upele inayouzwa madukani kwa kawaida ni ivamektini ya asilimia moja, yaani kila mililita ina miligramu 10. Sungura hupewa miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo. Wa kilo mbili anastahili mililita 0.04 hadi 0.08, hata moja ya kumi ya mililita haifiki. Kwenye bomba dogo la insulini la vipimo 100 hivyo ni vipimo vinne hadi vinane. Sasa mchomaji aliyezoea mbuzi akivuta "kidogo tu", mililita moja, amempa mnyama zaidi ya mara kumi ya anachostahili. Ivamektini yenyewe ni dawa nzuri ya upele wa sungura, nami naitumia. Hesabu nimekuandikia hapa ili uweze kumwuliza anayechoma, "Umevuta ngapi, na kwa kilo ngapi?" Usiichukue ukaenda kujichomea mwenyewe. Dawa za kupulizia viroboto za mbwa zenye fipronili, hizo sungura asiguswe nazo kabisa.

Duka la dawa za mifugo halali linatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, na daktari anatakiwa awe amesajiliwa na chombo kinachosajili madaktari wa mifugo Uganda. Una haki ya kuuliza vyote viwili. Pale Container Village katikati ya Kampala utapata kila chupa unayoitaka, na mara nyingi kwa bei nafuu kuliko kijijini, lakini nenda ukiwa na karatasi ya daktari mkononi. Ukienda na maelezo ya ugonjwa tu, utarudi na mfuko wa dawa na mnyama bado anaumwa. Kuna pia chama cha kuhudumia wanyama, USPCA, ambacho kazi yake kubwa ni mbwa na paka. Kuwauliza wakuelekeze kwa daktari anayeshika sungura hakuna ubaya, ila usifunge safari ukidhani watakutibia bure.

Wafugaji wakubwa wa sungura ni hazina kwa mambo ya vibanda, chakula na uzazi. Kwa mnyama mgonjwa, kumbuka wao wanafikiri kwa kundi: mmoja akiumwa wanamtoa ili ishirini wasiambukizwe. Hesabu yao ni sahihi kwao.

Ukimsafirisha, tumia kikapu au boksi lenye matundu, na majani ndani. Asifungwe miguu wala kutiwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki), hata iliyotobolewa. Toka asubuhi mapema, kwenye teksi mweke miguuni kwako mbali na jua na injini. Sungura huvumilia baridi kuliko joto, na aliyefungiwa ndani ya gari lililosimama juani Bwaise anaweza kufa kwa joto kabla hujafika.

Kabla ya kulaumu tumbo, daktari atamwangalia mdomo. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yote, na asipotafuna majani magumu, magego huota ncha zinazochoma ulimi na mashavu. Dalili yake ni kidevu chenye mate, au mnyama anayekimbilia chakula halafu anakidondosha. Simsim ana miaka miwili ya mkate laini, kwa hiyo liulizie. Ncha hizo husagwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Anayekuambia atakata kwa koleo hapo dukani, ondoka naye huyo sungura. Jino hupasuka mpaka kwenye mzizi.

Sasa majirani. Kuchinja sungura si dhambi wala si ukatili, na kama daktari amemwona akasema njia imeziba, upasuaji unahitajika, na wewe huna uwezo huo, kumpumzisha bila maumivu ni uamuzi wa heshima. Daktari anaweza kumfanyia hivyo kwa sindano. Lakini hili la "chinja ule" kwa mnyama mgonjwa aliyekwisha kupewa dawa silikubali. Amoksilini imo mwilini mwake, kesho huenda kukawa na nyingine, na kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla nyama haijaliwa. Kwa ivamektini ni wiki kadhaa. Na akifa mwenyewe ni kibudu, hilo huhitaji nikuambie mimi. Mzike chini, pasifikiwe na mbwa.

Kwa mtoto, mwambie ukweli mapema: anaumwa sana, tunamtafutia daktari, anaweza kupona au asipone. Mpe kazi ya kuhesabu punje za kinyesi. Ni kazi ya kweli, hata mimi naitaka hesabu hiyo.

Akipona, chakula chake kibadilike, lakini polepole kwa wiki mbili, maana mtungi ule haupendi mshtuko. Majani ndiyo yawe chakula chenyewe, yasiyokoma mchana na usiku: majani ya tembo, nyasi za kandokando ya shamba ambazo hazikupuliziwa dawa, majani ya viazi vitamu, kishona nguo. Kata nyasi zaidi wakati wa mvua, zianike mpaka zikauke vizuri, uhifadhi juu ya kichanja. Zenye ukungu tupa. Kabichi kidogo tu, inaleta gesi. Pumba zikibaki ziwe kijiko, tena zisizo na ukungu, kwa sababu mahindi yaliyovunda yana sumukuvu. Mkate na posho mpe kuku. Majani ya parachichi na majani mabichi ya muhogo yasikaribie kibanda, ni sumu.

Kuna hali ambazo hata akiwa amepata dawa lazima umrudishe kwa daktari siku hiyohiyo: tumbo kukaza, kuharisha maji, kupumua kwa mdomo wazi, shingo kupinda upande, masikio kuwa baridi, au funza kuonekana sehemu za nyuma. Funza hasa usiwachezee. Nzi akitaga mayai kwenye manyoya yaliyolowa kinyesi, saa chache zinatosha wawe wameingia kwenye ngozi.

Mambo yakienda vizuri, kinyesi cha kwanza kitakuwa punje ndogo, nyeusi, ngumu, pengine zimeshikamana kwa ute au nywele. Hiyo ni habari njema, usiogope. Endelea kumlisha kwa bomba mpaka ale mwenyewe siku nzima, usiache kwa sababu ameguguna jani moja. Dawa ya maumivu imalize kama ulivyoandikiwa. Punje zikirudi ukubwa wake wa zamani na rangi ya majani makavu, na anakuja mwenyewe kwenye bakuli la maji, hapo unaweza kumwita daktari kwa simu tu badala ya kulipia safari nyingine. Zikibaki ndogo baada ya siku tatu, au zikikatika tena, mrudishe akaangaliwe magego.